Joto Likiwa Amri: Nyenzo Laini Zinazochapwa Zikajikunja Zenyewe

Chukua rababendi nene, ile ya kufungia mabunda ya noti. Itundike kwenye msumari, kisha ifungie kitu kizito cha kuivuta mpaka irefuke karibu mara mbili. Ikishatulia, ipulizie hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Wengi wangetabiri kwamba mpira utalegea na mzigo utashuka, kwa sababu chuma, kioo na hewa yenyewe hutanuka vikipata moto. Lakini mzigo unapanda. Unapanda kidogo tu, na mashine ikizimwa unashuka tena taratibu.

Jambo hili liliandikwa mwaka 1805 na John Gough, msomi wa mji wa Kendal huko Uingereza, aliyepofuka utotoni kwa ugonjwa wa ndui. Kwa kuwa hakuwa na macho, alitumia midomo: alivuta kipande cha mpira kwa ghafla, akakigusisha mdomoni, akahisi kwamba kimepata joto. Alibaini pia kinyume chake, kwamba mpira uliovutwa hufupika ukipashwa moto. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla James Joule hajayarudia majaribio hayo kwa vipimo makini.

Sababu yake inaeleza sehemu kubwa ya mada hii. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamana hapa na pale, na kila mnyororo umejikunjakunja ovyo. Ukiuvuta mpira, unailazimisha minyororo inyooke. Ukiupasha moto, minyororo inatikisika kwa nguvu zaidi, na mnyororo unaotikisika huzivuta ncha zake zikaribiane. Ndiyo maana mpira ulionyooshwa hubana zaidi unapopata joto. Katika miaka 200 iliyofuata, wanakemia na wanafizikia wamejifunza kuikuza nguvu hiyo ndogo na kuielekeza upande wanaoutaka. Katika miaka kumi na ushee iliyopita wamejifunza pia kuichapa kwa printa, mstari kwa mstari, ndani ya kitu kilicho bapa ambacho kikipata joto kinainuka, kinajipinda au kinatembea.

Mwaka 2013 Skylar Tibbits wa chuo cha MIT, Marekani, alisimama kwenye jukwaa la TED akaonyesha vijiti vilivyochapwa vikijikunja vyenyewe ndani ya maji, akaeneza jina la uchapishaji wa 4D: vipimo vitatu vya umbo, na cha nne ni wakati. Mwaka huohuo Qi Ge, Jerry Qi na Martin Dunn walitoa makala kuhusu vitu vilivyochapwa kwa nyuzi za plastiki yenye kumbukumbu zikiwa ndani ya mpira, vikaamshwa na joto badala ya maji. Tangu hapo video za maua yanayofumbuka na makasha yanayojifunga yenyewe zimetapakaa kila mahali. Ni video nzuri na kazi iliyo nyuma yake ni ya kweli. Ila zinamwonyesha mtazamaji kile kilicho rahisi kuliko vyote, yaani kujikunja kwenyewe, na kumficha maswali matatu yanayoamua kama kitu kitatoka maabara: joto linatoka wapi, linaondokaje, na amri hiyo itatiiwa mara ngapi. Nimeyaweka maswali hayo mbele katika uchambuzi huu. Yamenifikisha kwenye msimamo ambao nitautetea hapa chini: nyenzo hizi zitatufaa zaidi pale ambapo joto ni taarifa, kuliko pale tunapotaka liwe mafuta ya kuendeshea mashine.

Tuanze na jamaa wa zamani, ambao wengi wetu tumeshawashika mkononi bila kuwapa heshima yao. Fundi umeme akimaliza kuunga nyaya mbili, huvisha juu ya kiungo kile kipira chembamba cheusi, akawasha kiberiti cha gesi na kukipitisha chini yake. Kipira kinanywea na kuubana waya kwa sekunde chache. Kiwandani kipira hicho kilitengenezwa kikiwa chembamba, minyororo yake ya polietilini ikafungamanishwa kwa mionzi, kisha kikapashwa moto, kikapanuliwa na kupozwa kikiwa kimepanuliwa. Umbo la mwanzo halikufutika. Limezuiwa tu na plastiki iliyoganda. Moto wa kiberiti unailegeza plastiki na umbo la zamani linarudi. Raychem, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1957, ilijengwa juu ya kemia hiyo ya mionzi.

Jamaa mwingine yuko katika vyumba vya tiba ya mionzi. Mgonjwa wa saratani ya kichwa au shingo lazima atulie kabisa mionzi inapopigwa, kwa hiyo hutengenezewa kinyago. Mtaalamu huchovya karatasi ngumu ya plastiki yenye matundu, ya aina ya polikaprolaktoni, katika maji ya nyuzi 65 hadi 70 kwa dakika chache. Ile plastiki nyeupe inalainika na kuwa angavu. Anaitoa, anaipangusa maji, anaitandaza usoni pa mgonjwa na kuibonyeza kwa vidole kufuata pua, kidevu na paji la uso, kisha pembe zake zinafungwa kwenye meza. Dakika chache baadaye imeganda na kuwa nyeupe tena, na sura ya mtu huyo mmoja imebaki ndani yake. Kinyago hicho kikirudishwa kwenye maji ya moto, kinajaribu kurudi kuwa karatasi bapa. Kumbukumbu ipo.

Plastiki za namna hii huitwa zenye kumbukumbu ya umbo, na mfano uliozipa sifa kubwa ulitoka mwaka 2002, pale Andreas Lendlein na Robert Langer walipoonyesha uzi wa kushonea vidonda ambao mwilini huoza wenyewe. Uzi ulifungwa fundo legevu, na ulipopashwa hadi nyuzi 40 fundo lilijikaza lenyewe kwa muda wa sekunde kama 20. Kwa daktari anayefanya upasuaji kupitia tundu dogo, mahali ambapo vidole havifiki, hilo ni jambo kubwa. Lakini angalia kasoro yao ya pamoja: kipira cha fundi, kinyago na uzi, kila kimoja kinatii mara moja. Ili kitii tena lazima mtu akipashe moto, akivute na akipoze upya. Kwa kidonda, mara moja inatosha. Kwa kitu kinachotakiwa kufunguka kila mchana na kufunga kila jioni, haitoshi.

Jeli zinazocheza na maji nitazipitia kwa kifupi, maana zinaishi ndani ya maji na hazifai kubeba uzito. Maarufu kati yake hutengenezwa kwa polima ambayo chini ya nyuzi 32 hivi hupenda maji na kuvimba, na juu ya hapo huyatema na kusinyaa. Teruo Okano na wenzake mjini Tokyo waliitumia kwa akili sana: walioteshea seli juu ya tabaka jembamba la polima hiyo kwenye nyuzi 37, kisha wakapoza sahani, tabaka likavimba, na utando mzima wa seli ukabanduka bila kukwanguliwa wala kumwagiwa dawa. Utamu wa mfano huo ni kwamba nyuzi 32 iko karibu na joto la mwili, kwa hiyo tofauti ya nyuzi chache tu inatosha kutoa amri.

Sasa tuje kwa nyenzo ambayo naamini inastahili sehemu kubwa ya mjadala huu, nayo ni mpira uliotiwa fuwele za kimiminika. Nitauita mpira wa fuwele. Hadithi yake inaanza kwenye karoti. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague, alikuwa akichunguza kolesteroli ya karoti. Kemikali moja aliyoitengeneza kutokana nayo iliyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 iligeuka kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla kikawa angavu. Alimwandikia mwanafizikia Otto Lehmann, na wakatambua kwamba hali ile ya katikati ni ya ajabu: kitu kinatiririka kama kimiminika, lakini molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu kama fuwele. Molekuli hizo ni vijiti. Katika hali ya ukungu vijiti vinaelekea upande mmoja. Joto likipita kiwango chake, vinatawanyika kila upande. Jamaa wa vijiti hivyo wamo ndani ya vioo vingi vya televisheni na kompyuta, ambako umeme huvigeuza ili vipitishe au vizuie mwanga.

Mwaka 1975 mwanafizikia wa Ufaransa Pierre-Gilles de Gennes, ambaye baadaye, mwaka 1991, alipata tuzo ya Nobel, alitoa wazo: vijiti hivyo vikiunganishwa na minyororo ya mpira, basi vikijipanga vitainyoosha minyororo, na vikitawanyika vitaiachia ijikunje. Mpira mzima ungebadilika urefu bila kuvutwa na mtu. Mwaka 1981 Heino Finkelmann na wenzake nchini Ujerumani walitengeneza mpira wa kwanza wa aina hiyo. Ilibaki shida moja kubwa. Ndani ya kipande kimoja vijiti vilijipanga kwa makundi madogo madogo, kila kundi na upande wake, na kazi ya kundi moja ikaliwa na jingine. Mwaka 1991 Finkelmann na Jürgen Küpfer walipata njia: waliufungamanisha mpira nusu, wakautundikia uzito uunyooshe, kisha wakamalizia kuufungamanisha ukiwa vilevile umenyooka. Vijiti vyote vikabaki vinaelekea upande mmoja.

Matokeo yake yanapita mbali rababendi ya msumarini. Ukanda wa mpira wa fuwele ukivuka joto lake unaweza kufupika kwa asilimia 30 au 40 ya urefu wake, ilhali misuli ya mwili wa binadamu kwa kawaida hufupika kwa asilimia 20 hivi. Ujazo wake haubadiliki, kwa hiyo unapofupika unanenepa. Ukipoa, vijiti vinajipanga tena na ukanda unarefuka wenyewe. Hakuna wa kuuvuta wala kuufunza upya. Hapo ndipo unapotofautiana na kipira cha fundi umeme: mpira wa fuwele unakwenda na kurudi.

Ila njia ya kuutundikia uzito inakupa ukanda ulionyooka tu, unaovuta upande mmoja. Ulimwengu wa maumbo ni mpana kuliko hapo. Mwaka 2015 Taylor Ware, Timothy White na wenzao katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani walionyesha namna ya kuuandika mwelekeo wa vijiti kwa mwanga, sehemu ndogo kwa sehemu ndogo, juu ya kioo ambacho mpira unagandia. Bapa likipata joto linainuka kuwa vilima na mabonde yaliyopangwa kabla. Kazi hiyo ilifungua macho, lakini ilihusu utando mwembamba uliobanwa kati ya vioo viwili. Printa ndiyo iliyouondoa mpaka huo. Mwaka 2017 kundi la Ware, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, lilitoa njia ya kuuchapa mpira wa fuwele; mwaka 2018 likafuata kundi la Jennifer Lewis wa Harvard pamoja na Arda Kotikian, na mwaka huohuo watafiti wa Zaragoza nchini Hispania.

Namna inavyofanyika inastahili kutazamwa kwa karibu. Wino ni kitu kizito chenye kunata: molekuli zenye vijiti, viungo vya kuzifungamanisha, na kiasi kidogo cha kemikali inayoamshwa na mwanga. Unatiwa kwenye bomba la sindano na kusukumwa kwa hewa kupitia tundu la nozeli ambalo upana wake ni sehemu tu ya milimita. Pale mdomoni wino unabanwa na kuvutwa kwa pamoja, na vijiti vilivyokuwa vimelala ovyo vinalazimika kuelekea kule nozeli inakokwenda. Mara tu mstari unapolala chini, taa ya urujuanimno inaumulika na kuufungamanisha kabla vijiti havijasahau. Joto la wino, kasi ya nozeli na upana wa tundu vyote vinaamua vijiti vitajipanga vizuri kiasi gani. Hata hewa ni adui: katika mapishi mengi ya wino huu oksijeni huchelewesha kuganda kwa uso wa mstari.

Maana yake ni hii: njia inayopitwa na nozeli ndiyo maagizo ya mwendo. Kila mstari uliochorwa utafupika kwa urefu wake siku ukipata joto. Kitu kile kile kinachokupa umbo la leo kinakupa umbo la kesho, na hakuna sehemu ya pili ya kuongeza wala waya wa kuunganisha.

Chukua mfano wa duara. Ukichapa sahani bapa kwa mistari iliyonyooka, itafupika upande mmoja na kutanuka upande mwingine, basi. Ukiichapa kwa mizunguko, mmoja nje ya mwingine, joto linafupisha kila mzunguko, wakati umbali kutoka katikati hadi ukingoni unaongezeka. Mzingo wa duara bapa lazima uwe karibu mara 6.28 ya nusu kipenyo chake. Sasa mzingo umepungua na nusu kipenyo kimekua, kwa hiyo sahani haiwezi tena kubaki bapa. Inainuka na kuwa umbo la pia. Kinamama wa pwani wanaoshona ukili wanalijua jambo hili kwa mikono: ukiuzungusha ukili bila kuukaza unapata duara la kulala chini, ukiukaza kila mzunguko ukingo unakosa urefu na kazi yote inanyanyuka kuwa kawa la kufunikia chakula. Tofauti ni kwamba mshonaji hukaza mzunguko mmoja baada ya mwingine na umbo linabaki hivyo, ilhali katika mpira wa fuwele joto linakaza mizunguko yote kwa pamoja, na likiondoka sahani inalala tena. Wanahisabati wameliendeleza wazo hilo mbali: mtu akikupa umbo analolitaka, inawezekana katika hali nyingi kurudi nyuma na kukokotoa njia ya nozeli itakayolizaa.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ilitoka Harvard mwaka 2019. Kotikian na wenzake walichapa bawaba za mpira wa fuwele wakaziunganisha na vibao vigumu, wakapata karatasi bapa yenye urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 4 hivi. Walipoiweka juu ya bamba la moto la nyuzi 200, kundi la kwanza la bawaba lilijikunja na karatasi ikawa gurudumu lenye pande tano. Kisha bawaba iliyoko upande uliogusa bamba ilipata joto, ikausukuma upande huo, gurudumu likapinduka. Upande wa pili ukagusa bamba, ukapata joto, nao ukasukuma. Likawa linabingirika lenyewe. Hakuna betri, hakuna programu inayoendesha, hakuna waya. Likitoka kwenye moto linasimama. Naipenda kazi hii kwa sababu inalijibu swali la joto kwa uaminifu: chanzo cha joto ni mahali penyewe, na kupoa hutokea kila upande unaponyanyuka kutoka kwenye bamba.

Sasa tukubali ugumu, maana hapa ndipo matangazo mengi ya misuli bandia hunyamaza. Joto hupenya taratibu ndani ya mpira, na muda wake hukua kwa mraba wa unene. Kwa makadirio ya jumla, utando wa sehemu ya kumi ya milimita hupata joto mpaka ndani kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ukanda wa milimita moja huhitaji sekunde kama 10. Kipande cha sentimita moja huhitaji sekunde 1,000, zaidi ya robo saa. Na joto lililoingia lazima litoke kabla mpira haujarudi. Anayeota mkono wa roboti mnene kama wa mtu, unaoendeshwa kwa kupasha na kupoza mpira mzima, anaota mkono unaoinua kikombe asubuhi na kukishusha chai ikiwa imepoa. Njia ya kukwepa ni kuchapa nyuzi nyembamba nyingi badala ya bonge moja. Kundi la Lewis limeenda mbele zaidi likachapa nyuzi zenye metali ya kimiminika katikati, ili umeme uupashe uzi kutoka ndani na metali hiyohiyo itoe habari za urefu wa uzi ulivyo sasa.

Hata hivyo ufanisi unabaki mdogo. Injini yoyote ya joto inayofanya kazi kati ya nyuzi 27 na nyuzi 127, hata ikiwa kamilifu, haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 25 ya joto kuwa kazi. Hiyo ni sheria ya maumbile. Nyenzo laini halisi ziko karibu na asilimia 1 au chini yake. Msuli wa kiumbe hai unafikia asilimia 20 na zaidi. Kama umeme unaulipia, au unaubeba kwenye betri mgongoni mwa roboti, hesabu hiyo inauma.

Kuna na mshindani wa bei rahisi. Mwaka 2014 Carter Haines, Ray Baughman na wenzao huko Dallas walichukua mshipi wa kuvulia samaki, ule wa nailoni unaouzwa katika kila duka la vifaa vya uvuvi, wakausokota na kuendelea kuusokota mpaka ukajiviringisha kama springi. Ukipata joto unafupika, na unaweza kuinua mzigo mara 100 ya ule unaoinuliwa na msuli wa binadamu wenye urefu na uzito sawa nao. Kemikali za mpira wa fuwele, nyingi zikiwa zimetokana na soko la vioo vya skrini, ni ghali mno zikilinganishwa na nailoni. Kwa kazi ya kuvuta tu, kwa mstari ulionyooka, mshipi uliosokotwa umeshinda, na sioni sababu ya kubishana. Mpira uliochapwa unabaki na uwanja wake pale uso mzima unapotakiwa kubadilika: kupinda hapa, kunyanyuka pale, kufungua tundu na kulifunga.

Kwa hiyo nikirudi kwenye msimamo wangu: acheni kwanza ndoto ya misuli. Tazameni kile ambacho joto limekuwa likikifanya ndani ya gari kwa miongo mingi. Themostati ya injini ni kikopo kidogo chenye nta. Injini ikifika nyuzi 82 hadi 88 hivi nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma valvu, na maji yanaruhusiwa kwenda kwenye rejeta. Haina umeme na haihitaji mtu wa kuiangalia. Joto lile lile linaloleta tatizo ndilo linalofungua mlango wa kulitatua. Katika kazi kama hii, udhaifu wote niliouorodhesha unapoteza makali. Uvivu wa sekunde 10 au hata dakika tano si kitu, maana jua huchukua saa kadhaa kupasha paa. Ufanisi wa asilimia 1 hauumizi, maana joto la jua na la injini halina bili. Na idadi ya mizunguko ni rafiki: kitu kinachofunguka mara moja kwa siku kwa miaka 10 kimefanya kazi mara 3,650, ambazo mguu wa roboti unaopiga hatua moja kila sekunde huzimaliza katika saa moja hivi.

Themostati inatufundisha jambo jingine, na la pili hili ni chungu. Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki fundi huing'oa na kuitupa. Madhara yake yanajulikana: injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Lakini fundi hafanyi hivyo kwa ujinga. Anajua kwamba themostati mbovu mara nyingi hukwama ikiwa imefunga, na ikikwama hivyo katikati ya mlima, injini inachemka na silinda hedi inapinda. Amechagua hasara ndogo ya kila siku badala ya hasara kubwa ya siku moja. Anayebuni kifaa cha mpira wa fuwele aanze na swali hilo la fundi: kikichoka, kitakwama upande gani? Kifaa kizuri cha kupitisha hewa ni kile ambacho kikizeeka hubaki wazi.

Ukanda wa joto una masharti yake mengine. Uzi wa Lendlein na Langer ulijikaza kwenye nyuzi 40. Kontena la chuma lililoachwa juani bandarini linaweza kupita nyuzi 50 ndani yake, na Lodwar mchana wa kawaida hufika nyuzi 35. Kitu kilichobuniwa katika nchi ambako stoo ina baridi mwaka mzima kinaweza kuwa kimeshatii amri yake ndani ya boksi, kabla hakijafunguliwa. Plastiki ya PLA, inayotumiwa sana kwenye printa za bei nafuu, hulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Ukiacha kitu cha PLA juu ya dashibodi ya gari lililofungwa mchana utakikuta kimelegea. Ongeza jua kali lenye urujuanimno, ambao huzeesha polima nyingi, na unyevu wa pwani. Majaribio ya uimara yanayofanywa kwa nyuzi 22 katika chumba chenye kiyoyozi hayamwambii kitu mnunuzi wa Tanga.

Lakini masharti hayohayo ni nafasi, kwa sababu anayeishi na joto ndiye anayejua kwenye kiwango gani linageuka tatizo. Na kuanza hakuhitaji maabara ya Harvard. Mwaka 2018 watafiti wa Carnegie Mellon, katika maabara ya Lining Yao, walionyesha kazi waliyoiita Thermorph: printa ya kawaida ya bei nafuu huivuta PLA inapoichapa, na mvuto huo huganda ndani ya plastiki. Wakibadilisha kasi na mwelekeo wa mistari, waliweza kupanga sehemu zipi zitafupika sana na zipi kidogo. Bapa linatumbukizwa kwenye maji ya moto na linajikunja kuwa ua, mashua au sungura. Hujikunja mara moja tu, kama kipira cha fundi umeme, lakini printa na plastiki yake ni zilezile zilizomo katika vituo vya ubunifu vya Nairobi, Dar es Salaam na Kigali. Kampuni ya AB3D ya Nairobi hata ilijijengea jina kwa kuunda printa kwa vipuri kutoka kwenye taka za kielektroniki. Mwanafunzi anaweza kujifunza hesabu yote ya njia ya nozeli kwa PLA na sufuria ya maji, kisha siku akipata wino wa fuwele atakuwa anaanzia mbali.

Kama ningechagua kazi moja ya kuanzia, ningechagua banda la kuku wa nyama. Hewa ya banda huongozwa na mapazia yanayopandishwa na kushushwa kwa mkono, na mchana wa jua kali saa moja ya kuchelewa inaweza kuua kuku. Vibao vidogo vyenye bawaba za mpira wa fuwele, vinavyofunguka vyenyewe juu ya ukuta, ni kazi ya taratibu, ya mzunguko mmoja kwa siku, isiyohitaji umeme. Ugumu wake ni wa kweli na unafundisha. Kifaranga wa siku ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 34, na kiwango hicho hushushwa kwa nyuzi tatu hivi kila wiki, wakati mpira wa fuwele una joto lake moja lililoamuliwa na mchanganyiko wa wino. Bawaba inayomfaa kifaranga itachelewa mno kwa kuku wa wiki ya tano. Kwa hiyo mbunifu atalazimika kuchapa seti kadhaa za bawaba, kila moja na wino wake na rangi yake, za kuchomekwa na kuchomolewa kwa mkono kadiri kuku wanavyokua. Na zote, bila kusahau funzo la themostati, zichapwe kwa namna ambayo zikichoka zitaliacha dirisha wazi.